Mizimu Minne, Spraiti Moja: Kisa cha Pac-Man kwenye Atari 2600

Pac-Man ni gemu ya kula punje ndani ya mzingile huku mizimu minne ikikufukuza, na Atari 2600 ilikuwa mashine ya kampuni ya Atari ya kuchezea gemu kwenye televisheni ya nyumbani. Kaseti ya Pac-Man ya Atari 2600 ilipoingia madukani Marekani, Machi 1982, lalamiko moja lilivuma kuliko yote: mizimu haionekani vizuri. Imefifia, inapepesa, na ikikusogelea wakati umebanwa kwenye kona huwezi kusema kwa hakika upi unakuja na upi unaondoka. Kaseti hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 7 na hakuna nyingine ya mashine hiyo iliyoifikia. Hata hivyo, hadi leo watu wakitaja gemu zilizoharibiwa wakati wa kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine, hii haikosekani.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mawili. La kwanza: mashine ilikuwa dhaifu mno. La pili: mwandishi wa programu, Tod Frye, alilipua kazi. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili hayatoshi, kwa sababu mwaka uliofuata gemu ya mwendelezo, Ms. Pac-Man, ilitoka kwenye mashine ile ile, yenye kumbukumbu ile ile, na mizimu yake minne inaonekana imetulia sehemu kubwa ya mchezo. Kwa hiyo swali la kisa hiki ni hili: katika kasoro za Pac-Man, zipi zililazimishwa na mashine, na zipi zilitokana na uamuzi?

Gemu ya asili ilitengenezwa na Namco ya Japani mwaka 1980, chini ya Toru Iwatani, kwa ajili ya mashine za kumbi zinazochezwa kwa sarafu. Ndani yake mna kichakataji Z80 cha megahezi 3.072, programu ya kilobaiti 16, skrini iliyosimama wima yenye nukta 224 kwa 288, na saketi maalumu zinazochora spraiti 8 bila kukisumbua kichakataji. Spraiti ni picha ndogo inayosogezwa juu ya mandhari bila kuyafuta. Kwenye mashine ile kila moja ina ukubwa wa nukta 16 kwa 16. Pac-Man mmoja na mizimu minne ni spraiti tano, na bado zinabaki za ziada. Mzingile una punje 240 na vidonge vya nguvu 4, vinavyomwezesha Pac-Man kula mizimu kwa muda.

Atari 2600 ilitoka mwaka 1977, ikiwa imekusudiwa gemu za aina mbili hivi: mpira wa kupigiana na vifaru vya kurushiana risasi. Chipu yake ya picha, TIA, ina spraiti mbili (mchezaji wa kwanza na wa pili), risasi mbili na mpira mmoja. Basi. Kichakataji 6507 kinakwenda kwa megahezi 1.19, kaseti ya kawaida ina nafasi ya kilobaiti 4, na kumbukumbu ya kuandikia ni baiti 128. Si kilobaiti 128, ni baiti: herufi 128, pungufu ya ujumbe mmoja wa simu.

Mstari mmoja, mizunguko 76

Baiti 128 haziwezi kuhifadhi picha ya skrini nzima, na kwa kweli mashine hii haina mahali popote pa kuiweka. Badala yake programu inakimbizana na mwale wa televisheni. Mwale unapoanza mstari kutoka kushoto, kichakataji kinaiambia TIA cha kuchora katika mstari huo, halafu unaofuata, halafu unaofuata, mara 60 kwa sekunde.

Kwa mfumo wa televisheni wa Marekani, fremu moja (picha moja kamili ya skrini) ina mistari 262, na 192 kati yake ndiyo ya picha. Mstari mmoja huchukua muda wa nukta 228: 160 zinaonekana, 68 ni muda wa mwale kurudi kushoto. Kichakataji hupiga mzunguko mmoja (pigo moja la saa yake) kila nukta 3, kwa hiyo kwa mstari mmoja kina mizunguko 76. Kuchora kunakula 192 × 76, yaani mizunguko 14,592. Mistari 70 iliyobaki inaacha mizunguko 5,320 kwa mambo mengine yote: kusoma joistiki, kusogeza mizimu, kuhesabu pointi, kupiga sauti.

Mzingile wenyewe unachorwa kwa kile tutakachokiita uwanja: biti 20 (kila moja ni 1 au 0, chora au usichore) zilizogawanywa katika rejista tatu (visanduku vya namba ndani ya TIA), PF0, PF1 na PF2. Biti hizo 20 zinajaza nusu ya kushoto ya skrini. Nusu ya kulia TIA huijaza yenyewe, ama kwa kurudia biti zile zile au kwa kuzigeuza kama kwenye kioo. Kila biti ina upana wa nukta 4, kwa hiyo skrini nzima ina vipande 40 kwa upana, wala hakuna namna ya kupata kipande chembamba zaidi kwa njia hiyo.

Hapo ndipo punje zilipogeuka kuwa vistari. Frye alizichora kwa uwanja, na kitu kilichochorwa kwa uwanja hakiwezi kuwa na upana chini ya nukta 4. Kijitabu cha gemu hakikuziita punje, kikaziita biskuti, na kwa haki kabisa. Ndiyo sababu pia biskuti zina rangi ile ile ya kuta: kuta na biskuti zote ni uwanja, na uwanja una rejista moja ya rangi.

Kuta hazina shida, kwa sababu upande wa kulia ni kivuli cha upande wa kushoto. Unaandika rejista tatu, kioo kinafanya mengine. Shida ni biskuti. Mchezaji akila za kushoto na kuacha za kulia, pande mbili hazifanani tena, na programu inalazimika kuandika PF0, PF1 na PF2 mara mbili katika mstari mmoja: mara ya kwanza kabla mwale haujafika, mara ya pili baada ya mwale kupita sehemu ya rejista hiyo upande wa kushoto lakini kabla haujafika sehemu yake upande wa kulia. Kusoma baiti kutoka kwenye jedwali ni mizunguko 4, kuiandika ni 3. Mara sita, ni mizunguko 42 kati ya 76. Inabaki 34 ya kuchora Pac-Man na mzimu, na kila kimoja kinahitaji mizunguko 8 ya kusoma na kuandika, mbali na ile ya kuuliza kama mstari huu ni wake au si wake. Ukichelewa mizunguko miwili mitatu, upande wa kulia unachorwa kwa biti za kushoto na biskuti iliyokwisha kuliwa inafufuka.

Kupepesa kunatoka wapi

Spraiti ni mbili. Frye alimpa Pac-Man moja na mizimu yote minne moja iliyobaki. Kila fremu anachora mzimu mmoja tu, kwa zamu: fremu ya kwanza huyu, ya pili yule, hadi wa nne, kisha anarudi mwanzo. Fremu ni 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila mzimu unaonekana mara 15 kwa sekunde na kutoweka kwa fremu tatu nzima kati ya kila mara mbili.

Kioo cha televisheni za zamani kina unga unaoendelea kung'aa kidogo baada ya mwale kupita, na jicho nalo husaidia kuunganisha. Kitu kinachochorwa mara 30 kwa sekunde kinaonekana kinatetemeka lakini kipo. Kwa mara 15, unga umeshapoa kabla zamu haijarudi. Unachokiona ni mzimu wenye mwanga wa robo, uliochanganyika na mandhari ya nyuma. Kwenye televisheni za mfumo wa PAL, zenye fremu 50 kwa sekunde, zamu hiyo hiyo inashuka hadi mara 12.5.

Kuna athari nyingine ambayo haitajwi sana. TIA ina rejista za kugundua migongano: spraiti mbili zikigusana mahali popote katika fremu, biti inawashwa. Huduma nzuri ya bure, lakini haiwezi kugundua kitu ambacho hakikuchorwa. Programu inayoitegemea huku inachora mzimu mmoja kwa fremu itajua habari za mzimu huo tu. Mitatu mingine ingeweza kumpita Pac-Man katikati ya mwili na mashine isiseme kitu hadi zamu zao zifike. Kwa mwendo wa mizimu tofauti ya fremu tatu si kubwa.

Sasa, je, zamu hii ililazimishwa? Nusu tu. Sheria ya TIA si kwamba unapata spraiti mbili kwa fremu. Ni kwamba unapata spraiti mbili *kwa mstari*. Spraiti ikishamaliza kuchorwa juu ya skrini, inaweza kusogezwa na kuchorwa tena chini, na mtazamaji akaona vitu viwili. Gharama yake ni mstari mmoja au miwili ya kuihamisha, na hapo ndipo penye ufundi. TIA haina rejista ya kuandika "weka spraiti kwenye nukta ya 93". Unaipiga rejista ya RESP1 wakati mwale unapita pale unapotaka spraiti ikae, basi inakaa hapo. Programu kwa hiyo inapoteza muda kwa makusudi:

```
      sta WSYNC
      sec
tena  sbc #15
      bcs tena
      sta RESP1
```

Mstari wa kwanza wa programu hiyo, WSYNC, unasimamisha kichakataji hadi mstari mpya wa skrini uanze. Kisha kutoa 15 ni mizunguko 2 na kuruka kurudi juu ni 3. Jumla 5, sawa na nukta 15. Kila kitanzi hiki (marudio ya kutoa na kuruka) kikizunguka, mwale umesogea nukta 15, na nafasi uliyoitaka imepungua 15. Kinachobaki baada ya kutoa ndicho kinachobadilishwa kuwa marekebisho madogo, kati ya nukta 8 upande mmoja na 7 upande mwingine, yanayowekwa kwenye rejista ya HMP1 na kutekelezwa kwa kuipiga rejista ya HMOVE mara tu baada ya WSYNC inayofuata.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. Kitanzi kikiangukia mpakani mwa kurasa mbili za kumbukumbu za baiti 256, kule kuruka kunachukua mizunguko 4 badala ya 3. Kila rudio la kitanzi linakuwa nukta 18, na spraiti inazidi kupotoka kadiri inavyokwenda kulia. Dalili yake ni mzimu ulio sawa upande wa kushoto na uliomo ndani ya ukuta upande wa kulia. La pili ni vistari vyeusi vya nukta 8 pembeni kushoto mwa skrini, vinavyotokea katika kila mstari ambamo HMOVE imetumika. Dawa yake ni kuitumia kila mstari ili weusi uwe ukanda mmoja, au kutumia mandhari nyeusi kusiwe na kitu cha kuonekana.

Baiti 128 na mchezaji wa pili

Mtu hujikuna ajipatapo, na katika baiti 128 mkono haufiki mbali. Tuchukue mfano wa mzingile wenye punje 128, kwa urahisi wa hesabu. Kila punje ni biti moja, ipo au imeliwa, kwa hiyo ukizibana kabisa ni baiti 16. Lakini biti zilizobanwa lazima zifunguliwe kabla ya kuchorwa, na kufungua kunakula mizunguko ambayo katika mstari wa biskuti haipo. Ukizihifadhi zikiwa tayari katika umbo la PF0, PF1 na PF2 kwa pande zote mbili, kila safu ni baiti 6, na safu 10 ni baiti 60. Karibu nusu ya kumbukumbu yote imekwenda, kabla hujaandika mizimu iko wapi, inaelekea upande gani, pointi, uhai uliobaki, na rundo la anwani za kurudia ambalo nalo linakaa humo humo.

Frye aliamua pia kubakiza uchezaji wa watu wawili kwa zamu, kama kwenye mashine ya ukumbini. Mchezaji wa kwanza akifa, wa pili anaendelea na mzingile wake alipouachia, biskuti zikiwa zimeliwa vile vile. Kwa maneno mengine, hali ya mzingile wa anayesubiri inakaa kwenye kumbukumbu muda wote bila kufanya kazi yoyote. Kati ya maamuzi yote ya kaseti hii, hili ndilo la gharama kubwa kuliko linavyoonekana, na kwa maoni yetu ndilo lililostahili kuachwa kwanza. Ni watu wangapi waliinunua kwa ajili ya zamu za wawili? Na ni watu wangapi waliona mizimu ikipepesa? Wote.

Pointi nazo zilipunguzwa. Ukumbini punje ni pointi 10, kidonge cha nguvu 50, na mizimu 200, 400, 800, 1600. Hapa biskuti ni 1, kidonge 5, mizimu 20, 40, 80, 160. Matunda yaliondolewa, badala yake kukawekwa umbo moja la mstatili lenye pointi 100, lililoitwa vitamini. Picha ya mstatili haina maelezo mengi ya kuhifadhi.

Pac-Man mwenyewe anatazama kushoto au kulia tu. Akipanda juu anakwenda kiubavu. TIA ina biti ya kugeuza spraiti kushoto-kulia bure, bila baiti hata moja ya picha mpya. Ya kugeuza juu-chini haina. Kumtazamisha juu kungehitaji picha nyingine za mdomo ukifunguka, za baiti chache kila moja. Hizo si nyingi. Zilikuwa za kubanika mahali fulani ndani ya kilobaiti 4.

Rangi ndiyo isiyo na utetezi wa kiufundi hata kidogo. Mandhari ni ya bluu na kuta ni za njano iliyofifia, kinyume cha mashine ya ukumbini yenye kuta za bluu juu ya weusi. Atari ilikuwa na utaratibu usio rasmi kwamba mandhari nyeusi ni ya gemu za anga. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda vioo vya televisheni visiungue alama. Kuibadilisha ni namba moja katika programu: baiti iliyokuwepo, thamani tofauti, gharama sifuri. Na weusi ungesaidia kwa jambo jingine: mzimu wenye mwanga wa robo juu ya weusi unaonekana, juu ya bluu unamezwa.

Mwezi ule ule kaseti ilipotoka, mahakama ya rufaa mjini Chicago iliipa Atari amri ya kuzuia K.C. Munchkin!, gemu ya kula punje ya mashine ya Magnavox Odyssey², iliyoandikwa na Ed Averett mwaka 1981. Inafaa kuitazama kwa jicho la fundi. Chipu ya picha ya Odyssey² ina spraiti 4 na herufi 12 zinazoweza kuwekwa popote. Gemu ina mlaji 1, maadui 3 na punje 12. Hesabu inalingana na chipu. Averett aliitengeneza gemu kwa kipimo cha mashine, na kwa vile hakuwa na leseni ya Pac-Man hakuwa na mzigo wa kufananisha. Mahakama iliona bado inafanana kupita kiasi.

Ms. Pac-Man ilifanya nini tofauti

Kaseti ya Ms. Pac-Man ya 2600 iliandikwa na General Computer Corporation, kampuni ile ile iliyotengeneza gemu hiyo kwa ajili ya kumbi. Ilipewa kilobaiti 8, kwa njia ambayo Atari yenyewe ilishaitumia mwaka 1981 kwenye Asteroids: kaseti ina vipande viwili vya kilobaiti 4, na programu ikigusa anwani 1FF8 au 1FF9 kipande kimoja kinatoka na kingine kinaingia. Nafasi hiyo ilileta mizingile minne na matunda yanayotembea. Lakini nafasi ya kaseti haiongezi spraiti wala mizunguko. Kupepesa kulipungua kwa sababu mizimu haipangiwi zamu isipokuwa pale inapogombania mistari.

Kwa mtu anayeandika gemu ya namna hii leo, mpango wenyewe unakwenda hivi. Wakati wa mistari isiyo ya picha, panga mizimu minne kwa nafasi yake kwenye skrini, kutoka juu kwenda chini. Orodha ni baiti 4 na upangaji wake ni mizunguko mia chache kati ya 5,320. Kisha ipitie orodha. Mzimu wa kwanza unapewa spraiti. Unaofuata, ukianza chini ya mwisho wa uliotangulia kwa angalau mistari miwili ya kuihamisha spraiti, nao unapewa. Nafasi isipotosha, unaandikwa kwenye orodha ya waliokosa. Fremu inayofuata anza na waliokosa. Mizimu miwili iliyo safu moja itaonekana mara 30 kwa sekunde kila mmoja, na iliyo peke yake mara 60.

Pa kuangalia ni pale spraiti inapohamishwa. Ile mistari miwili haiwezi kuwa ya biskuti, kwa sababu kitanzi cha kutoa 15 kinachukua karibu mstari mzima na hakiachi nafasi ya kuandika uwanja mara sita. Ihamishie kwenye mistari ya ukuta, ambako kioo kinajaza upande wa kulia chenyewe. Hata hivyo, mwanzoni mwa mchezo mizimu inapokuwa nyumbani kwake, yote inagombania mistari ile ile, na hakuna mpango utakaozuia kupepesa hapo.

Kujipimia mwenyewe

Programu ya bure ya Stella inaiga Atari 2600 kwenye kompyuta. Fungua Pac-Man, mizimu ikishatawanyika bonyeza kitufe cha alama ya ` kuingia kwenye kikaguzi, kisha sogeza fremu moja moja. Kila fremu utaona mzimu mmoja, na fremu ya tano ule wa kwanza unarudi. Ukitoka kwenye kikaguzi, Alt na Z huzima spraiti ya kwanza, Alt na X ya pili, Alt na N uwanja. Kuta na biskuti hutoweka pamoja. Rudia yote kwa Ms. Pac-Man mizimu ikiwa kwenye urefu tofauti, ulinganishe.

Alt na P huwasha uigaji wa unga wa televisheni ya zamani, na bila huo skrini za kisasa huonyesha kupepesa vibaya zaidi kuliko kulivyokuwa. Ukipiga picha ya skrini utapata mzimu mmoja, si minne; picha zenye minne ni fremu kadhaa zilizounganishwa. Na ukirekodi video, rekodi kwa fremu 60. Kwa fremu 30 kinasa kinachukua moja na kuruka moja, na kwa kuwa zamu ni ya fremu nne, kitaangukia mizimu miwili ile ile muda wote. Miwili mingine haitaonekana kabisa, na mtazamaji atamwona Pac-Man akifa bila kuguswa na kitu.